Waliojibu Gizani

Haya yalimpata rafiki yangu, nesi mstaafu anayeishi peke yake, na si mtu wa kutunga mambo. Jioni hujitolea na kikundi kimoja kuwapelekea chai watu wasio na makazi. Siku hiyo mvua ilimkimbiza hadi mlangoni mwa jengo ambalo halijamalizika kujengwa. Ndani kulikuwa na giza totoro.

"Hodi. Kuna mtu?"

"Tupo," sauti ikajibu taratibu. "Tuko sita."

Akamimina chai kwa kupapasa. Mikono ya baridi ikapokea vikombe, kimoja kimoja, kisha akasikia watu wakipiga mafunda. Akasimama pale mlangoni, akifurahi moyoni kwamba leo ana wenzake.

Dereva wa kikundi alipofika na tochi, mle ndani alikuwemo mzee mmoja tu, amejikunyata ukutani. Vikombe sita vilikuwa sakafuni, vitupu.

"Wenzako wamepitia wapi, baba?" nesi akauliza.

"Nalala hapa peke yangu, mwaka wa tatu sasa." Mzee akamtazama kwa wivu. "Huwa nawasikia wakipumua. Kila siku nawasalimia. Mimi hawajawahi kunijibu."