Mama Mzazi Kwenye Banda la Mbuzi

Nilifungua banda la mbuzi nichukue kamba...

Nikakuta binadamu!

Bikizee kabisa. Kakaa juu ya mavi ya mbuzi, khanga imemgandia mwilini, anapapasa hewani kwa mikono. Macho yake yalikuwa meupe, haoni.

"Nani wewe?"

"Naitwa Kudra. Shikamoo bibi. Wewe ni nani?"

"Marahaba. Mimi ndiye niliyemzaa Mbwana."

Wanangu wa humu mtandaoni, mmelisikia jina hilo?

Mbwana alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Nilikuwa nalala kwake, nakula kwake! Na kijiji kizima kilijua mama yake, Bibi Zuena, amepelekwa Makuyuni kwa binti yake kupumzika.

Kumbe Makuyuni yenyewe ni bandani!

Ngoja niwaweke sawa, maana wengi wenu hamkuwepo. Ilikuwa miaka ya Operesheni Vijiji, watu wanahamishwa makwao kuletwa vijiji vya ujamaa, njaa imepiga, tunakula yanga, ule unga wa mahindi ya njano ya msaada. Mimi nilikuwa binti mbichi, nasomea ustawi wa jamii Dar. Chuo kikanileta Handeni kujifunza kazi kwenye kijiji cha ujamaa.

"Bibi, umekosa nini?"

"Kelele zangu. Nasema nirudisheni kwangu kule porini, lilipo kaburi la mume wangu. Mbwana kawaambia wakubwa kwamba watu wote tumehamia hapa kwa furaha. Wageni wa wilaya wanakuja... mimi nitamwaibisha."

Akakohoa, kikohozi kikavu cha mtu anayelala kwenye unyevu. Nikajua mvua zikishika, hatoki mzima humo.

Nikarudi jikoni na kamba. Mke wa mwenyekiti, Mama Mwaija, alikuwa anasonga ugali.

"Umeipata kamba?"

"Nimeipata."

"Na kingine?"

Nikaitupa kamba chini. Nilimwona mwanamke mchafu wa roho kuliko wote niliowahi kukutana nao. Yeye ndiye aliyenikaribisha siku ya kwanza kwa kicheko.

"Kabila gani, mwanangu?"

"Mnyamwezi, mama. Baba alitoka Tabora kuja kukata mkonge Ngombezi."

"Alaa! Kumbe mtani wetu sisi Wazigua!"

Nikampenda. Sasa, nimetoka bandani, akanitengea ugali wa yanga, na nikajua ni mgao wa nani. Mgao wa wazee! Mwenyekiti alikuwa bado anauchukua kwa jina la mama yake, na mimi kumbe nimekuwa nikimsaidia kuula. Nikalitema tonge.

Basi nikamsubiri msimamizi wangu, Ndugu Valerian, msomi, afisa wa ustawi wa jamii kutoka Korogwe. Nikajua huyu ataliwasha!

Akaja na pikipiki. Nikamweleza yote.

Akachokonoa meno. Alikuwa ametoka kula kuku kwa mwenyekiti.

"Kudra, hiki ni kijiji cha mfano."

"Ndugu, kuna mama kafungiwa na mbuzi!"

"Wewe andika habari za vyoo. Vyoo ni vizuri sana hapa."

"Atakufa!"

"Wazee hufa. Na wewe ukifungua mdomo, chuo utakisikia redioni."

Nyie! Yule mtu alikuwa akinihubiria heshima ya binadamu kwa mdomo huohuo!

Kwenda kwa wazee wa kijiji? Kumsema mwenyekiti enzi zile ilikuwa kupinga kijiji. Mimi ningefukuzwa, na bibi angehamishiwa pasipojulikana. Nikabaki napitisha maji kwenye ufa wa banda, maana sasa lilikuwa na kufuli, nalia kwa hasira.

Kisha akafariki Mzee Mhina, baba mdogo wa mwenyekiti.

Siku ya kuanua tanga watu walifurika. Mwenyekiti kakaa mkekani mbele, kofia nyeupe, uso wa huzuni ya kupangwa. Ndugu Valerian pembeni yake. Pilau ilikuwa inanukia.

Ndipo likanijia. Mimi ni nani hapa? Mwanafunzi, ndiyo. Lakini kabla ya chuo, mimi ni MTANI. Na msibani mtani wa Wazigua husema atakalo, na anayekasirika ndiye anayeaibika!

Nikaenda jikoni kuichukua ile kamba ya katani. Nikaifunga shingoni. Nikaingia katikati ya msiba kwa magoti na mikono.

"Meeee!"

Watu wakacheka. "Watani hao! Wamekuja!"

Nikatambaa hadi kwa mwenyekiti, nikamlamba unyayo.

"Meee! Mbwana mwanangu, nifungulie!"

Kicheko kikazidi. Mwenyekiti naye akacheka, jasho likimtoka.

"Mwanangu, Makuyuni yako inanuka mavi! Nimekuzaa nikakunyonyesha, leo unanilaza na mbuzi? Ugali wangu mtamu? Meee!"

Kicheko kikakatika.

Ndugu Valerian akasimama. "Kudra! Acha upuuzi!"

Mzee Hiza, mkubwa wa ukoo, akainua bakora yake.

"Kaa chini, bwana. Mtani hakatazwi msibani." Akamgeukia mwenyekiti. "Mbwana, mtani wetu kasema. Twende tukamwone huyo mbuzi."

Mwenyekiti hakuinuka.

Wakaenda. Wakarudi wamembeba Bibi Zuena kwenye mkeka. Wanawake wakaangua kilio kuliko cha maiti. Mzee Hiza akamtemea Mbwana mate miguuni, akamchukua bibi nyumbani kwake.

Na mnajua Ndugu Valerian alifanya nini? Akapanda juu ya kiti! "Ndugu wananchi, sisi ustawi wa jamii tulikuwa tunalifuatilia suala hili..."

Phuu! Watu wengine hata nguruwe anawakataa.

Nikaenda kufungasha vitu vyangu. Mama Mwaija alikuwa jikoni anaosha sufuria. Nilitaka kumtukana.

"Mama, huoni haya? Ulikuwa unajua!"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza!"

Akafuta mikono taratibu.

"Kudra, ile kamba niliyokutuma... nilikuwa nafungia nini?"

Nikaikumbuka kamba. Hakuwa amefunga chochote.

"Mbwana alikuwa mkutanoni. Kufuli nililifungua mwenyewe. Mimi ni mke, nikimsema mume wangu napewa talaka na mama anabaki mlemle. Lakini tangu uliponiambia wewe Mnyamwezi, nikajua Mungu kaniletea mdomo. Nikakaa nasubiri msiba."

Darasa zima la chuo, na aliyenipa kazi yangu ya kwanza ni mama aliyekuwa anasonga ugali!

Wageni wa wilaya walikuja. Bibi Zuena akapiga kelele zake zote, kikohozi na yote, na wakamsikiliza.

Wanangu mnaosomea kazi hii, chukieni uchafu, tena chukieni sana. Ila kabla hujamtemea mate mtu aliyekaa kimya, angalia kwanza ni nani aliyekufungulia mlango.