Sauti Iliyoshinda Injini

Mtu asiniambie nilikuwa naota. Ilikuwa Jumapili mchana, jua linawaka, nami nilikuwa Kilimani, kwenye nyumba ninayokaa na kaka yangu Omollo, nikimsuka binti yake Ivyne. Mimi ni msusi wa Kenyatta Market. Hata siku ya kupumzika vidole havitulii.

Omollo alikuwa jeshini, kwenye ndege za mizigo. Kazi yake ilikuwa kufunga shehena kwa mikanda, kuwakalisha askari, kisha kufunga mlango wa nyuma. Wakati wa vita walikuwa wakitua kwenye kiwanja kimoja cha ndege ng'ambo ya mpaka: vumbi, mawe, mabaki ya ndege iliyoungua, hakuna hata mti. Injini hazikuzimwa pale, kwa hivyo watu walizungumza kwa mikono. Lakini siku moja akasikia sauti nyuma yake, ya upole kabisa, kana kwamba injini hazipo: "Afande, nafasi iko?"

Akageuka. Hakukuwa na mtu. Wenzake walikuwa wamemwonya: sauti ikishinda injini, usiijibu. Hakujibu, akafunga mlango.

Basi Jumapili hiyo stima zikapotea. Jenereta ya jengo ikaanza kunguruma chini ya dirisha, ikabidi nipige kelele ndipo Omollo, aliyekuwa akinywa chai, aniletee kitana. Hapo mlangoni tukasikia, polepole lakini wazi kabisa juu ya ngurumo ile:

"Hodi."

Ivyne amefunzwa adabu. "Karibu!" akajibu.

Omollo aliganda, kikombe mkononi. Mlango haukufunguka. Lakini sauti ilikuwa tayari ndani, karibu na sikio langu.

"Nafasi moja tu, afande. Ya mtoto itanitosha."

Ivyne akakakamaa. Mikono yake ikawa baridi. Hakupumua.

Omollo alimkumbatia. "Hapa si kiwanjani!" akafoka. "Huyu ni wangu. Toka!"

Na mimi, ninayeogopa hata mende, nikasimama na kitana changu: "Umesikia? Toka! Shika njia yako!"

Jenereta ikazimika. Kisha Ivyne akavuta pumzi, akalia.

"Anti, huyo mtu wa sauti amenifunga sana."

Tuliinua blauzi. Kiunoni palikuwa na alama pana, nyekundu, yenye michirizi ya nyuzi kama za mkanda wa kufungia mizigo ndegeni.

Majirani wanasema tuhame. Tuhame twende wapi? Omollo amekataa, nami nimekataa. Jumapili iliyopita nilimsuka tena, mlango wazi kabisa. Alama bado iko. Na mtoto pia yuko.