Kura Zilizoibwa Hospitalini

Droo ilikuwa imevunjwa, na karatasi ya kura za hospitali haikuwamo.

Mkurugenzi wa hospitali, Leticia Ybarra, alitazama saa ya ukutani. "Inspekta, isipofika kwa mthamini mkuu wa ardhi anayepokea kura kabla ya saa kumi na moja jioni leo, tumekwisha. Mwenyekiti wetu aliyeitia sahihi yuko porini anawinda kulungu, simu haishiki."

Inspekta Kubena alielewa. Kura zile zingemwingiza mgombea mmoja, Delgado, kwenye bodi ya uthamini wa ardhi, naye ameapa kukagua shamba moja baada ya jingine. Wenye mashamba wakiendelea kuandika thamani za uongo, kodi ya ardhi inayoendesha hospitali itapungua na chumba cha dharura kitafungwa. Kingine kiko mwendo wa saa moja na nusu. Tayari watu wa kaunti waliogopa hata kupanda ngazi, wasije wakaumia na kukosa pa kutibiwa.

Aliinama. Mbao ilichanwa kwa bisibisi, lakini ulimi wa kufuli haukuwa na mkwaruzo. Droo ilifunguliwa kwa ufunguo kwanza, ikavunjwa baadaye.

"Ufunguo anao nani?"

"Katibu peke yake. Bi Verlene."

Bi Verlene Stroud aliingia amekumbatia mkoba.

"Jana ulifunga droo, mama?"

"Nilifunga, mwanangu."

"Na ng'ombe wako hawajambo?"

Bi Verlene aliinamisha macho sakafuni.

"Napita kwako kila siku. Naona nyasi tu."

"Ukame uliwamaliza," alinong'ona. "Kwenye fomu bado naandika kumi na wawili. Bila ng'ombe shamba halihesabiwi tena kuwa malisho ya kodi ndogo, na kodi kamili siiwezi. Bodi ya sasa haitoki ofisini. Delgado angekuja kuona. Naogopa, Kubena. Silali."

"Umeichoma karatasi?"

Alitikisa kichwa, machozi yakimtoka. "Niliwasha kiberiti mara mbili. Mikono ilikataa. Mume wangu Earl yumo humu, kitanda cha nne, anapumua kwa msaada wa oksijeni. Wakifunga hapa, nitampeleka wapi? Nimeificha chini ya godoro lake."

Saa tisa na nusu. Kubena alimshika mkono, wakaenda wodini. Moyo ulimuuma, maana mama huyu ndiye aliyeandika cheti chake cha kuzaliwa.

Earl alifumbua macho, akamwona askari. "Verlene, kuna nini?"

Bi Verlene aliinua godoro mwenyewe, akamkabidhi inspekta karatasi.

"Tunahama shambani, mzee wangu," alisema.