Nafasi Ndani ya Kisanduku

Kisanduku cha kuhifadhia sinema za televisheni kilianza kudai kimejaa, ilhali ndani mlikuwa na filamu chache tu. Mkunga mstaafu alifuta moja, akafuta nyingine. Kikasema bado kimejaa. Hakutaka kukitupa. Mumewe alikuwa kitandani pale sebuleni tangu apigwe na kiharusi, haongei wala hainui kidole, na sinema ndizo zilizombakia. Alijibu kwa kupepesa macho: mara moja ndiyo, mara mbili hapana.

Mkunga akamwita binti wa kaka yake, fundi wa vyombo vya umeme ambaye mtaa mzima ulimwita Bisibisi.

Bisibisi alifungua kifuniko. Harufu ya udongo mbichi ikawapanda puani. Feni ndogo ya ndani ilikuwa ikizunguka, ingawa waya wa umeme ulikuwa umechomolewa.

"Umeme uliobaki huo," akasema, kama anayejishawishi mwenyewe. Akachungulia ndani. "Ubao wa saketi ni mzima, shangazi. Kinachokibana ni diski tu, ndogo mno. Nikiweka kubwa, kitapumua."

Mgonjwa alipepesa mara mbili. Akarudia, haraka haraka, mpaka machozi yakamtoka.

"Mzee anaogopa tutamfutia sinema zake," mkunga akacheka, akamfuta mashavu.

Diski kubwa ikaingia.

Asubuhi yake mkunga alimkuta mumewe jikoni, amesimama, anakula. Alipiga magoti akalia kwa furaha. Majirani walikuja kupongeza. Mume akawapokea kwa heshima zote, akawasindikiza, kisha akafunga mlango kwa ufunguo na kuutia mfukoni.

"Huko nje hatuna shida nako," akasema.

Tangu hapo mkunga hakutoka. Mume alikula bila kutafuna, alioga mara kwa mara na bado alinuka udongo, na macho yake hayakupepesa hata vumbi lilipoyaingia. Kisanduku alikataza kiguswe. Lakini siku moja mume akiwa bafuni, mkunga alisikia kitu kikikwaruza ndani ya kisanduku, akainamisha sikio mpaka likagusa bati lenye joto, na sauti ya mtu aliyeishi naye tangu ujana, nyembamba kama inapenya kwenye tundu la sindano, ikamwambia: "Mke wangu, huyo si mimi. Mlipofanya nafasi alinisukuma humu, akatoka yeye. Itoeni hiyo diski."

Siku Bisibisi alipokuja kumjulia hali mjomba, mume alimfungulia kwa tabasamu, akafunga tena nyuma yake. Mume alipokwenda kuoga, mkunga alimnong'oneza mpwa wake kila kitu.

Bisibisi hakucheka. "Shangazi, tukiitoa, mzee atarudia hali ile ile. Hatasimama tena."

Mkunga alitazama kitanda kitupu. Alikuwa amekisugua, amemgeuza mumewe hapo, amelilia hapo kwa miaka.

"Najua," akasema. "Fungua."

Skrubu zikatoka moja moja huku maji yakimwagika bafuni, kisha maji yakanyamaza, na nyayo zilizolowa zikaja zikiburuzwa ukumbini, na mlango wa sebule ukasukumwa, na mume akasimama pale akichuruzika matope meusi badala ya maji, akainua mkono kumfikia Bisibisi wakati ule ule diski ilipochomoka.

Akaanguka kama gunia.

Mkunga alimkimbilia, akakipakata kichwa chake. "Ni wewe?"

Macho yakapepesa mara moja.

Alimkumbatia, akamwomba radhi, akalia kimya kimya begani mwake. Ilipita kitambo ndipo akakumbuka kumwambia fundi aitupe ile diski mbali.

Bisibisi alikuwa bado amesimama palepale, ameikamata. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa kubana, na harufu ya udongo ilikuwa ikitoka kwake.

"Shangazi," alinong'ona, "mkono wangu haunisikii."