Mgonjwa wa Mogitu na Dada wa Kishikwambi

Niseme mapema, kosa lilikuwa langu. Bura aliniuliza swali la kawaida, mimi nikamjibu kwa utani, na yeye utani wangu akaenda kuufanyia kazi.

Ilikuwa asubuhi, nje ya kituo chetu cha afya huku Endasak, ukungu wa Mlima Hanang bado umelala hadi barabarani. Bura alikuwa amemleta mama yake, mama Restituta, macho yanamwasha. Akamwona dada mgeni amekaa kando ya mlango wa kutokea, kitenge juu ya koti, kishikwambi mapajani.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba, Bura."

Mimi ni tabibu, nina stashahada yangu ukutani. Watu wananiita daktari na sijawahi kuwakataza.

"Yule dada ni karani wa sensa?"

"Sensa iliisha zamani. Anaitwa Violeth, ni mtafiti, ametoka Bukoba. Kila mgonjwa akitoka kwangu anamuuliza alikuja kwa tatizo gani na ametibiwa nini."

"Ili iweje?"

"Wakubwa wanataka kujua sisi wa vituo vidogo tunatibu nini siku kwa siku. Magonjwa ya kupelekwa rufaa wanayajua. Wanataka haya ya mafua, mgongo, mtoto anaharisha, na yule aliyekuja tu kwa sababu nyumbani kumemshinda."

"Ameolewa?"

"Hilo halimo kwenye utafiti."

"Naweza kwenda kumsalimia?"

"Thubutu! Yule haongei na mtu asiyeumwa."

Nikaingia ndani nikicheka peke yangu. Kesho yake nafungua mlango, wa kwanza kwenye benchi ni Bura, ameshika kiuno.

Mumjue kidogo. Bura Margwe ni mkulima wa Mogitu, mahindi na maharage, ng'ombe wanaomtosha, kijana mtaratibu. Hakuwa ameoa, na alifika ule umri ambao mama yake alianza kuwataja wajukuu kwenye sala ya chakula kana kwamba wameshazaliwa.

"Mgongo umeanza lini?" nikamuuliza.

"Jana."

"Jana ukifanya nini?"

"Nilipomwona... nilipoinama, daktari."

"Aaa. Ulipoinama."

"Ndiyo."

"Basi kapumzike. Na utokee mlango ule pale, siyo huu ulioingilia."

"Asante sana, daktari."

Sikumpima chochote. Nimpime wa nini, mtu ambaye najua anaumwa wapi? Nikasogeza kiti karibu na dirisha, nisikilize.

"Habari kaka. Ulikuja kwa tatizo gani leo?"

"Mgongo, dada. Kwani Bukoba nako mna baridi hivi?"

"Hapa nauliza mimi, kaka."

"Basi uliza tena."

Wiki hiyo hiyo alirudi na kichwa. Halafu goti. Halafu jino, ambalo alipoambiwa alionyeshe alionyesha la juu, na alipofika kwa Violeth likawa limeshuka chini. Na kila mara mimi niliandika apumzike, nikamwelekeza mlango ule ule. Nilikuwa nafurahia, sitaki kudanganya. Kituo kama chetu hakina sinema.

Siku ya goti niliwasikia hivi:

"Eti Bukoba mnakula panzi?"

"Senene siyo panzi, kaka Bura."

"Ana miguu ya nyuma?"

"Anayo."

"Anaruka?"

"Anaruka."

"Dada, huyo ni panzi."

Violeth akacheka mpaka kishikwambi kikaanguka. Mimi nikabaki na kile alichosema kabla. *Kaka Bura.* Ule utafiti haukuwa na sehemu ya jina. Alilitoa wapi?

Siku ya jino alimletea maharage kwenye mfuko.

"Haya ya nini?"

"Ya kupika. Mgonjwa anashukuru."

"Anayeumwa jino analima saa ngapi?"

"Jino halishiki jembe, dada Violeth."

Baadaye nikamtania nikiwa nafunga ofisi.

"Mgonjwa wako wa Mogitu anaendeleaje?"

"Daktari, acha hayo." Akainama kufunga mkoba. Halafu, bila kuniangalia, "Kesho ni siku yake ya kuja?"

Ndipo ikapigwa simu.

Mtandao hapa kwetu unapatikana vizuri kwenye jiwe kando ya tangi la maji. Violeth alipanda pale, akaweka sauti kubwa. Mimi nilikuwa chini nakunywa chai. Aliyepiga ni Daktari Irene, mkuu wake wa utafiti, mama mwenye sauti ya kusahihisha mitihani.

"Violeth, hapo kituoni kwenu kumezuka nini?"

"Kwa nini, dokta?"

"Nina mwanaume wa Mogitu, umri ule ule, namba ya kadi ile ile. Mgongo, kichwa, goti, jino. Matibabu kila mara apumzike. Huyo ni mtu au ni kijiji?"

"Ni... ni mtu mmoja, dokta."

"Anaumwa au anacheza?"

Violeth akatupa jicho kuelekea getini.

"Nisikilize vizuri. Kama kuna mtu anakuja kukuchezea na wewe unajaza tu, takwimu zote za kituo hicho nazitupa. Na sitakupeleka kwenye kituo kingine kule Mbulu. Utarudi nyumbani."

Simu ikakatwa. Violeth akashuka kwenye jiwe taratibu, akasimama mbele yangu.

"Daktari. Wewe ulikuwa unajua?"

Nikanywa chai. Kikombe kilikuwa kitupu.

"Ulikuwa unajua!"

"Violeth mwanangu, nilimtania tu siku ya kwanza..."

"Hii ni kazi yangu. Mama yangu anaishi kwa kazi hii. Mnaniona mimi ni kichekesho?"

Na kwa bahati mbaya Bura naye akatokea getini muda ule ule, ameziba sikio kwa kiganja.

"Shikamoo daktari. Habari, dada Violeth."

"Leo ni nini?" Violeth akamuuliza.

"Sikio."

"Lipi?"

Bura akasahau kwamba ameshaliziba. "Yote mawili," akasema.

"Ingia ndani. Daktari, naomba umpime. Kila kitu unachopima kwa mgonjwa wa kweli, mpime, mbele yangu. Halafu nitaandika mwenyewe kwamba huyu mtu ni mzima na ni mwongo."

"Dada, ngoja nikueleze..."

"Kaa!"

Akakaa. Nikamfunga mkanda wa presha mkononi, nikiona aibu kwa niaba yake na kwa niaba yangu. Mashine ikavuma, ikashusha pumzi. Nikasoma. Nikafuta kioo kwa kidole, nikasoma tena.

"Eh," nikasema.

"Nini?" Violeth akauliza.

"Mia na tisini kwa mia na kumi na sita."

Bura akacheka. "Hiyo mashine imekufa."

Nikajifunga mwenyewe. Ya kwangu sawa. Nikamfunga Violeth, na hasira zake zote, sawa. Nikamwacha Bura akae kwanza, ametulia, mgongo umeegemea kiti, nikarudia. Ile ile.

"Daktari," Bura akanong'ona, "ni kwa sababu yeye yuko hapa. Mtoe nje halafu upime."

Violeth akatoka bila kuambiwa mara mbili. Nikapima. Haikushuka.

Sasa nani acheke? Mtu alikuwa anakuja kwangu wiki baada ya wiki, anakaa kwenye kile kiti, mkono anao, mashine ninayo mezani. Sikumpima kwa sababu nilijua anadanganya. Niliwaambia mwanzo kwamba kosa ni langu. Lile la utani lilikuwa dogo. Kosa lenyewe ni hili.

"Sisikii kitu chochote," Bura akasema. "Kichwa hakiumi. Kilikuwa cha uongo, naapa."

"Presha mara nyingi haisemi. Ndiyo ubaya wake."

"Baba alikuwa hivi?"

Mzee Margwe alianguka kwenye maharage akipalilia, hakuamka. Watu walisema mengi.

"Baba yako hakuwahi kupimwa, Bura. Siwezi kukuambia."

Akaangalia mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Vidonge ni vya siku ngapi?"

"Hivi ni vya kuendelea. Chumvi upunguze, urudi wiki ijayo nipime tena. Watu wanaishi navyo mpaka wanazeeka."

"Daktari, nilitaka kutuma wazee."

"Wapi?"

"Bukoba."

"Mbali huko."

"Wangepanda basi. Sasa nikiwatuma, wakaseme nini kwa watu? Kijana wetu ni mzuri ila anaweza kuanguka shambani?"

Alipotoka, Violeth alikuwa kwenye kiti chake, kishikwambi kimewaka. Hakumuuliza swali lake. Bura naye hakusimama. Alimsalimia kwa kichwa tu, akapita, vidonge mfukoni.

Jioni Violeth akapanda tena kwenye jiwe.

"Dokta Irene, yule mtu wa Mogitu alikuwa anadanganya. Nilijaza bila kufikiri, nakiri. Lakini leo amepimwa, ana presha ya kutisha. Sasa nijaze nini? Alikuja kwa uongo, amekutwa na kweli."

Kule upande wa pili zikasikika karatasi zikifunuliwa.

"Yale ya uongo yafute. Ya leo yaache," Daktari Irene akasema. "Mtu kuja na hili ukamkuta na lile, mbona hao ndio wengi? Ndiyo maana tunauliza. Na huyo daktari wenu mwambie awapime watu."

"Amesikia, dokta. Yuko hapa chini."

Nilisikia, ndiyo.

Wiki ya kurudi ikafika, Bura hakuja. Nikapiga, inaita haipokelewi. Violeth akapiga kwa simu yake, vile vile. Usiku akapata meseji, na asubuhi akanionyesha bila mimi kuomba:

*Dada Violeth samahani kwa usumbufu niliokupa. Ufute habari zangu zote kwenye kazi yako. Nilikuwa nataka kuongea na wewe tu sikujua naumwa kweli. Utapata mtu mzima wa afya. Maharage usirudishe. Bura*

"Kesho gari linanifuata," Violeth akasema. "Nahamia kituo cha Daudi, kule Mbulu."

"Najua."

"Na yeye hajapimwa."

"Mchana huu naenda Mogitu kumpima. Nina deni naye."

"Pikipiki yako inabeba watu wangapi?"

Tukaenda, yeye nyuma amekumbatia mkoba wa mashine kama mtoto mchanga. Vumbi lilikuwa la kutosha kupanda mbegu. Tulipofika, mama Restituta alikuwa anachambua maharage uani.

"Shikamoo mama," Violeth akasema, akapiga goti kidogo.

"Marahaba mwanangu." Mama akamwangalia kuanzia viatu kupanda juu, macho yakatua usoni kwa muda. Akaita kwa nguvu kuelekea zizini, "Bura! Njoo uone! Ndiye huyu aliyekuwa anakuumiza mgongo?"

"Na goti, mama," nikasema.

"Wewe daktari nyamaza, na wewe nina maneno na wewe."

Nikanyamaza. Bura akatoka zizini, mabuti yamejaa samadi, akatuona, akasimama pale pale.

"Dada Violeth. Meseji yangu haikufika?"

"Ilifika."

"Nilisema ufute."

"Nimefuta mgongo, kichwa, goti na jino. Presha nimeiacha. Hiyo ni ya kweli."

Bura akaja, akakaa kwenye gogo. Mama akahama na ungo wake, hatua chache tu, mahali ambapo masikio bado yanafika. Bura akavua kofia, akaishika mikononi. Halafu akainua macho.

"Na wewe, ulikuja kwa tatizo gani leo?"

Violeth akakaa kwenye gogo, pembeni yake. Ameuliza swali lile watu wangapi, na hakuna siku hata moja aliwahi kulijibu.

"Kichwa," akasema.

"Kimeanza lini?"

"Ulipoacha kuja."

"Umetibiwa nini?"

"Bado. Nimefika sasa hivi."

Mama Restituta akaacha kuchambua.

"Violeth, mimi ni mtu wa vidonge. Siyo vya wiki. Baba yangu..."

"Mama yangu anavimeza tangu mimi niko shule ya msingi. Juzi nimempigia ananiambia nisimsumbue, yuko shambani. Wewe unameza?"

"Nameza."

"Kila siku?"

"Namsimamia mimi!" mama akapaza sauti kutoka kule. "Kila asubuhi anafungua mdomo nauona!"

"Basi," Violeth akasema. "Gari la Daudi linakuja kesho. Simu yangu ukiiacha iite tena, nitarudi hapa na Daktari Irene mwenyewe."

"Na wazee?"

"Wazee nini?"

"Daktari hajakuambia?"

"Sijasema kitu," nikajitetea.

Bura akaizungusha kofia mikononi. "Nataka kutuma wazee kwenu. Kule kwenye panzi."

"Senene," Violeth akasema, na macho yakajaa. "Waambie wabebe maharage. Baba anayapenda."

Akatafuta leso, hakuiona. Bura akampa kofia, inanuka zizi, akaipokea hivyo hivyo. Halafu mikono yao ikabaki pale, yote minne, juu ya ile kofia.

Nikaona muda unakwenda. Nikatoa mashine mkobani, nikaiweka kwenye gogo, nikakunjua mkanda. Nikakohoa. Nikamwangalia mama Restituta anisaidie, naye alikuwa anafuta macho kwa kitenge na siyo kwa sababu ya ule ugonjwa wa macho aliokuja nao kituoni.

"Bura," nikasema, "naomba mkono mmoja nikupime."

Upepo wa mlimani ukapita, maganda ya maharage yakaruka kwenye ungo.

"Jamani. Wa kushoto au wa kulia, wowote. Naomba mkono mmoja tu."