Kodi ya Chumba cha Mbele

Jumatatu, tarehe 8 Mei 2023. Mvua ya masika ilinyesha Bagamoyo tangu kabla ya adhana ya alfajiri, ikakatika saa mbili na kuiacha stendi imejaa madimbwi. Mawingu yalikuwa bado mazito na upepo ulikuwa wa baridi kidogo.

Mayasa alikuwa akibandika tangazo kwenye nguzo ya umeme, karibu na wauza matunda. Alivaa baibui jeusi lililolowa pindoni na ushungi wa zambarau uliompendeza sana, ingawa mwenyewe hakuwa na habari. Alikuwa fundi cherehani, na tangazo aliliandika kwa mwandiko uleule wa kuandikia vipimo vya wateja: "Chumba cha mbele kinapangishwa. Maji yapo, umeme upo. Dalali hahitajiki."

Maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyomletea kofi.

Hamoudi, dalali wa nyumba aliyejulikana mji mzima, alilichana tangazo na kumtupia usoni.

"Nimekwambia mara ngapi, mwanamke? Ile nyumba ina mnunuzi. Nani atanunua nyumba iliyojaa watu kama bweni?"

"Nyumba ya baba yangu haiuzwi. Kamwambie na huyo kaka yangu aliyekutuma."

Kofi lilikuwa zito. Mayasa alianguka, mikono yake ikaingia dimbwini mpaka kwenye viwiko. Watu waligeuka kutazama, na wengine walicheka. Kabla hajainuka, mwanamume mrefu mwenye shati la bluu lililopigwa pasi aliweka begi lake la vifaa chini, akamkamata Hamoudi ukosi na kumpiga ngumi mbili. Ya kwanza ilimtoa damu puani. Ya pili ilimketisha juu ya meza ya machungwa.

"Machungwa yangu jamani!" alilia mwenye meza.

"Yahesabu, mama, nitayalipa." Yule mwanamume akamgeukia Mayasa. "Pole, dada. Umeumia?"

"Sijaumia. Lakini ngumi ya pili haikuwa na kazi."

"Ya pili ilikuwa yangu mwenyewe. Jana kanilia pesa ya udalali, na chumba chenyewe hakipo."

Mayasa alijitahidi asicheke, akashindwa. "Kwa hiyo unatafuta chumba?"

"Natafuta. Dalali hahitajiki, si ndivyo ulivyoandika?"

Aliitwa Ammar, fundi wa majokofu kutoka Msata, na jioni ileile alihamia chumba cha mbele.

Nyumba hiyo ya vyumba sita iliachwa na marehemu baba yao, mzee Muzammil. Sadallah, kaka yake Mayasa, aliiweka rehani benki akanunua lori, na lori likapinduka Vigwaza akiliendesha amelewa. Deni lilikuwa la miaka saba. Katika kikao cha familia, mbele ya baba yao mdogo Abdillah aliyekuja kutoka Mkange, waliandikiana: Mayasa akilimaliza deni kabla ya Desemba 2023, nyumba itakuwa yake peke yake. Akishindwa, itauzwa wagawane, na Sadallah atachukua mafungu mawili kwa moja.

Mayasa alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja alipoweka sahihi. Alivipangisha vyumba vyote, akahamia stoo na cherehani yake na gunia la mkaa. Mpangaji akitoa kodi ya miezi sita, pesa haikulala ndani. Aliifunga kwenye kitambaa, akavaa baibui, akaipeleka benki siku hiyohiyo. Kila baada ya sala aliomba dua moja: "Ya Rabbi, nitoe katika deni hili kabla halijanitoa katika nyumba hii."

Ammar alikuwa mpangaji wa sita. Hawakukaa peke yao hata siku moja, kwa kuwa Mayasa alijiheshimu na majirani walikuwa na macho. Ndiyo maana walipigiana simu, ilhali baina ya stoo na chumba cha mbele kulikuwa na ukuta mmoja tu.

"Umekula, mama mwenye nyumba?"

"Nimekula. Na wewe acha kuimba bafuni, bi Miza, mpangaji mwenzako, anasema paka wake wamehama."

"Mwambie paka wamehama kwa wivu. Mayasa, leo ulivaa ile kanga nyekundu."

"Kwani wewe unatazama kanga au unatengeneza majokofu?"

"Majokofu yanapoza, kanga inachemsha. Nifanye nini mja wa Mungu?"

"Kalale, Ammar," alisema, na alikuwa akitabasamu gizani.

Lakini Sadallah hakulala. Mwezi wa Juni mawe yalianza kuangukia bati adhuhuri, watu wakiwa wanakula. Mwezi wa Julai mpangaji mmoja, mwalimu wa watu, alipigwa nondo njiani akavunjika mkono. Siku nyingine Sadallah mwenyewe aliingia uani, akayapiga teke masufuria ya bi Miza, mama mtu mzima muuza chapati, na kumvuta Mayasa kwa ushungi mpaka shingo yake ikachubuka.

"Watoe hawa watu!"

"Niue kwanza, kaka."

"Usinifundishe la kufanya."

Ammar aliiona alama shingoni mwake. Aliamua kumwoa. Na kwa kuwa alilelewa kwa adabu, aliona si sawa kumwambia mwanamke jambo la ndoa kwenye simu kabla ya kumwendea walii wake, yule mwenye haki ya kumwozesha. Baba wa Mayasa amekufa, kwa hiyo walii ni kaka. Aliandika barua ya posa kwa mkono wake, akaiweka kwenye bahasha pamoja na shilingi laki tano, akavaa kanzu nyeupe, akaenda kwa Sadallah. Alijisemea moyoni kwamba posa ingempoza. Sadallah aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akampa mkono, akamwita shemeji. Hamoudi alikuwa pembeni na simu yake.

Kesho yake picha ilimfikia Mayasa: Ammar na Sadallah wameshikana mikono, bahasha katikati. Chini yake Hamoudi aliandika: "Mnunuzi unalala naye ukuta mmoja."

Ammar aliporudi kutoka kazini alikuta godoro lake uani.

"Ulipeana mkono na kaka yangu, hukupeana?"

"Nilipeana, lakini, Mayasa, mpenzi..."

"Usiniite mpenzi! Ulimpa pesa, hukumpa?"

"Nilimpa. Nisikilize..."

"Nikusikilize nini? Kila chapati niliyokupa, kumbe unapima vyumba! Toka kwangu!"

Alimtupia ndoo, ikampata begani. Ammar alighadhibika. Aliugeukia mlango wa chumba cha mbele, akaupiga teke, bawaba zikang'oka na mlango ukaanguka ndani kwa kishindo. Kisha akamwona Mayasa ameinua mikono kujikinga uso. Alisimama. Aliokota begi lake akaondoka. Mayasa aliifungia namba yake kwenye simu, akalia mpaka magharibi.

Wiki tatu zilipita. Ikafika Ijumaa ya pili ya Septemba, saa saba mchana. Sadallah aliichagua saa hiyo kwa sababu wanaume wote wa mtaa walikuwa msikitini. Aliingia na panga, Hamoudi na nondo, na vibarua wawili wa kukodi. Nyumbani walikuwamo Mayasa na bi Miza peke yao.

Walianza na vitanda. Walitupa nje magodoro, redio, vitabu vya mwalimu. Panga lilipasua milango. Bi Miza alijifungia chooni, akampigia Ammar simu.

Khutba ilikuwa inaendelea katika msikiti wa mtaa, na simu ya Ammar, kwa aibu yake, haikuwa imezimwa. Safu nzima ilimtazama. Alisikia sauti moja tu: "Mwanangu, wanamuua!" Alitoka mbio akiruka mapaja ya watu. Mlangoni hakuviona viatu vyake, akakimbia peku.

Uani Mayasa alikuwa ameshika mchi wa kinu. Kibarua wa kwanza alipomsogelea, alimpiga gotini, mfupa ukalia. Wa pili alikimbia. Hamoudi alimpiga nondo mgongoni, akaanguka akainuka, na mchi ukampata Hamoudi kwenye taya. Meno mawili yalimtoka. Alikaa chini akiyatafuta mchangani.

"Yule bwana wako hayupo leo!" Sadallah alicheka, panga mkononi. "Mjinga yule. Kaniletea barua ya posa na laki tano, eti anioe... akuoe wewe! Pesa nimewalipa hawa. Barua nimewashia sigara. Nani atakuozesha bila mimi?"

Mayasa aliduwaa. "Posa?"

Katika kuduwaa huko Sadallah aliinua panga. Lilishuka, lakini lilikutana na mkono wa Ammar, likaufungua kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo. Damu iliruka mpaka kwenye ushungi wa Mayasa. Ammar hakuutazama mkono. Alimsukuma Sadallah kwa kichwa, wakaanguka wote, akampiga kwa mkono uliobaki, mara ya kwanza, mara ya tano, mara ya kumi, mpaka panga likateleza. Kisha akaiokota nondo ya Hamoudi, akainuka nayo.

Mayasa alimlalia kaka yake.

"Basi, Ammar! Ni mtoto wa baba yangu. Nakuomba kwa haki ya Mola, basi."

Nondo ilibaki hewani. Nje sala ilikuwa imekwisha, na watu walioona mtu akitoka msikitini mbio walikuwa wamemfuata. Waliona milango iliyovunjwa, damu, bi Miza aliyetoka chooni akipiga kelele. "Mwizi! Mchomeni!" Mawe yakaanza. Moja lilimpasua Sadallah kichwa, jingine likampata Mayasa ubavuni.

Ammar aliitupa nondo upande wa pili wa ukuta. Alisimama mbele ya wale wawili, kanzu imekuwa nyekundu.

"Mmetoka kusali sasa hivi! Aende polisi kwa miguu yake. Anayetaka kumpiga aanze na mimi."

Mtu alianza na yeye. Jiwe lilimpata kwenye paji la uso, akayumba, hakuondoka. Watu walitazamana, na mikono ikashuka mmoja mmoja mpaka polisi walipofika.

Hospitalini alishonwa nyuzi thelathini na nne. Kesho yake Mayasa alikaa kwenye benchi la mbao kando ya kitanda chake, bi Miza katikati yao kwa ajili ya heshima.

"Kwa nini hukuniambia?" Mayasa aliuliza.

"Kwetu mwanamke haposwi kwa simu. Nilikwenda kwa walii."

"Walii gani! Ulimpelekea fisi barua ya kumposa mbuzi."

"Mbuzi gani anayeng'oa watu meno kwa mchi?"

Bi Miza alicheka hadi machozi. Mayasa hakucheka.

"Mlango wangu uliupiga teke, Ammar. Mimi nimekua na mwanamume wa mateke. Uliposhika ile nondo ulikuwa unafikiri nini?"

"Kumuua. Sitakudanganya. Hata uliponiambia basi, nilitaka kuendelea. Nimemwomba Mungu tangu jana aniondolee hilo, na nimemwambia imamu anisimamie. Nikiona hasira inapanda nitatoka nje ya nyumba. Ukiona sitoki, niite mbele ya watu uniaibishe."

"Nitakuaibisha kweli."

"Najua, mama mwenye nyumba."

Mayasa aliutazama mkono uliofungwa, akaufunika kwa pindo la shuka. "Ulikula leo?" aliuliza taratibu, na bi Miza aliinuka kwenda kutafuta chai asiyoihitaji.

Sadallah alikuwa mahabusu, kwa hiyo uwalii ulimhamia baba mdogo Abdillah. Alikuja kutoka Mkange siku ya Jumapili, mwanzoni mwa Oktoba, na ndoa ilifungwa uani, juu ya mikeka ya majirani. Wapangaji wawili walikuwa wamehama kwa hofu, na benki ilikuwa bado inadai milioni moja na laki nne. Miezi miwili ilibaki.

Mzee Abdillah alimwendea Mayasa ndani, akamkuta amekaa kitandani katika gauni la kijani alilolishona mwenyewe, hina mpaka kwenye viwiko.

"Mwanangu, kijana huyu unamridhia?"

"Namridhia, baba."

"Mahari unataka nini? Sema wewe, ni haki yako."

"Nataka kodi ya chumba cha mbele. Ya miaka miwili, elfu sitini kila mwezi."

Mzee alimkazia macho. "Kodi? Mume ndiye humpa mke mahali pa kulala."

"Ndiyo maana anatakiwa alipe, baba. Nami mahari yangu nitaipeleka ninakotaka."

Mzee alitoka akitikisa kichwa. Aliwaeleza watu waliokuwa uani, na vicheko vilipasuka mpaka imamu akapiga mkeka kwa kiganja kuwanyamazisha. Ammar hakucheka. Alitoa bahasha ya laki saba na ishirini, alizozipata kwa kuuza pikipiki yake, akaiweka mbele ya mashahidi. Imamu alimshika mkono ule mzima, akamkutanisha na mzee Abdillah. Mzee alitamka kumwozesha. Uani kukawa kimya, hata bi Miza aliacha kugeuza pilau.

Ammar alisema kwa sauti ambayo Mayasa, nyuma ya pazia, aliisikia neno kwa neno:

"Nimekubali kumwoa Mayasa binti Muzammil kwa mahari aliyoitaja mwenyewe. Nusu nimeitoa leo mnaiona. Nusu iliyobaki nitaitoa kabla ya Desemba kuingia, ninyi nyote ni mashahidi wangu. Na hati ikitoka benki, itaandikwa jina lake peke yake, si langu wala la mtoto wangu, na mimi nitakaa katika nyumba hii kwa idhini yake, wallahi, mpaka Mungu atakaponichukua."