Uso Usio na Mwenyewe

Dada alimimina chai kwenye vikombe vitatu, na nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu.

Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Sura, alikitazama kikombe cha tatu kikitoa mvuke upande wa ukutani, akavuta chake. Alikuwa amechoka. Siku hizo aliamka akiwa amechoka, kama mtu aliyelala na gunia mgongoni, na dada yake alikuwa ameshafika umri wa kusahau. Kikombe kimoja cha ziada si jambo la kumgombeza mtu mzima.

"Kuna mgeni?" aliuliza mwishowe, kwa utani.

"Mgeni gani? Kunywa chai yako, we mtoto."

Mtoto mwenyewe alikuwa na mvi hadi kwenye nyusi. Hakuoa, wala Dada hakuolewa tena baada ya mumewe kufariki. Wazazi wao walishatangulia, na mdogo wao wa mwisho, waliyekuwa wakimwita Kitindamimba, homa ilimchukua akiwa bado anavaa kaptura ya shule. Kwa hiyo walibaki wao wawili kuilinda nyumba, au nyumba kuwalinda wao, ilikuwa vigumu kujua.

Chumba cha mbele kilikuwa studio ya picha. Fundi alipiga picha za vitambulisho, lakini jina lake lilitokana na kazi nyingine. Watu walimletea picha za marehemu wao, zilizoliwa na mende, zilizokunjwa kwenye pochi, zilizolowa. Yeye alizinakili, akazikuza, kisha akakaa na brashi nyembamba kama unywele, akijaza palipopotea. Kazi hiyo alifundishwa na mjomba wake, mtu mkali mwenye vidole vilivyonuka dawa za kusafishia picha, na mjomba alimpa sharti moja tu. Uso ukiharibika nusu, utengeneze. Uso ukiliwa wote, usiubuni. Weka kivuli, mwambie mwenyewe kwamba mtu wake alisimama gizani. "Sisi tunatia viraka," mjomba alikuwa akisema, "hatuzai."

Fundi alilishika sharti hilo kwa miaka mingi. Lakini hebu jaribu wewe kumwambia mjane kwamba mume wake alisimama gizani. Taratibu akaanza kuazima: pua kwa mtoto wa marehemu, paji la uso kwa shangazi, mdomo popote utakapopatikana. Na wateja walishika picha kwa mikono miwili wakilia, "Ndiye. Ndiye hasa." Fundi alijua siye. Akanyamaza, maana machozi ya furaha ni kitu kigumu kukikatiza.

Kisha paa la kwao wenyewe likavuja. Maji yaliingia kwenye fremu ya picha pekee ya familia, yakawaacha wote salama, yakamla Mama uso mzima.

"Nataka kumwona kabla sijafa," Dada alisema. "Na usiniwekee kivuli."

Fundi alikaa mbele ya picha ile akijaribu kumkumbuka mama yake, na hapo ndipo alipogundua jambo lililomuuma kuliko misiba yote. Alikumbuka mgongo wake akiwa ameinamia beseni. Alikumbuka mkono wake, na mguno wake alipoamka. Sura haikuja. Alikuwa ametumia maisha yake yote kurudisha sura za wafu wa watu wengine, na ya mama yake mwenyewe ilikuwa imemtoka. Alipomuuliza Dada, leo macho ya Mama yalikuwa membamba, kesho yalikuwa makubwa. Basi akaazima. Macho ya Dada wa ujanani, kidevu chake mwenyewe, midomo ya mama yao mdogo, na mashavu yasiyokuwa ya mtu yeyote. Alipomaliza, aliitundika sebuleni.

Dada aliitazama muda mrefu. "Ndiye," akasema.

Ndipo vikombe vya chai vilipoanza kuwa vitatu.

Baada ya kikombe ilikuja harufu. Haikuwa harufu mbaya. Ilikuwa harufu ya karatasi mbichi, kama daftari lililosahaulika kwenye mvua, nayo ilitanda sebuleni kila alasiri, saa ile jua linapochoka na watu wazima wanasinzia vitini. Kisha zikaja ndara. Mtu alitembea koridoni akiziburuta, shwaa, shwaa, bila haraka, akasimama mlangoni pa sebule. Fundi alitoka studio kuangalia. Hakukuwa na mtu, ila Dada kwenye kiti chake, ameielekea picha, akizungumza kwa sauti ya chini na kucheka kidogokidogo.

"Unaongea na nani, Dada?"

"Na Mama. Anapenda nimhadithie mambo ya zamani. Leo nimemweleza Kitindamimba alivyojificha kabatini mpaka tukamtafuta mtaa mzima."

Alionekana ana furaha, na Fundi, aliyekuwa hajamwona dada yake akifurahi tangu lini sijui, alirudi kazini. Upweke nao ni ugonjwa, alijiambia, na kila mtu ana dawa yake.

Kesho yake walipokuwa wakila, alimchokoza. "Hebu nihadithie ile ya kabatini."

"Kabati gani?"

"Kitindamimba alipojificha."

Dada aliweka kijiko chini. Alimtazama kwa adabu, kama mtu anayeulizwa njia ya mtaa asioujua. "Kitindamimba ndiye nani?"

Fundi alicheka, kisha akaacha kucheka. Aliinuka akaenda kwenye picha. Mtoto aliyepakatwa na Mama alikuwa amepauka. Kaptura ilionekana, mikono ilionekana, lakini uso ulikuwa umefifia kama nguo iliyoanikwa juani mwaka mzima. Na Mama aliyempakata alikuwa amenawiri. Mashavu yale, ambayo Fundi aliyapaka kwa rangi kavu, yalikuwa na unyevu.

Angeweza kuitoa picha siku ile ile. Wengi wetu tungesema tungeitoa. Lakini Dada alimshika mkono na kusema, "Ukiniondolea Mama, nitabaki na nini?" na yeye akaiacha ukutani. Siku zikasogea. Dada alisimulia, akacheka, akakonda. Akamsahau mumewe. Akasahau mtaa walikozaliwa. Nguo zikawa zinamning'inia, na kila alasiri alikuwa wa kwanza kukivuta kiti.

Kisha ikaja zamu ya Fundi.

Siku hiyo Dada alikuwa amelala chumbani, hana nguvu. Fundi alikaa kwenye kiti chake apumzishe miguu tu, na harufu ya karatasi mbichi ikamzunguka, na ndara zikaja koridoni, shwaa, shwaa, zikapita nyuma yake, zikasimama, akahisi pumzi ya baridi kwenye utosi wake, na badala ya kukimbia, kama anavyopaswa kukimbia mtu mwenye akili, akahisi kichwa chake kikiinama chenyewe, kwa sababu sauti iliyomsemesha ilikuwa ya upole kuliko sauti yoyote aliyoisikia kwa miaka mingi, na ilisema maneno ambayo hakuna mtu aliyewahi kumwambia.

"Umechoka, mwanangu. Umebeba watu wengi. Hebu nieleze."

Akaeleza. Hakumbuki alieleza nini.

Asubuhi alikuja mteja, mwalimu aliyetaka picha ya kitambulisho, mtu wa maneno mengi. "Fundi, mkono wako una ustadi," alisema. "Nani alikufundisha kazi?"

Fundi alifungua mdomo, na ndani hakukuwa na kitu. Alijua alifundishwa. Aliiona meza, aliiona brashi kwenye mkono wake wa utotoni, na pembeni yake, mahali palipotakiwa kuwa na mtu, palikuwa peupe. Mwalimu aliondoka akidhani amemkera. Fundi alikaa chini studioni na woga ukamwingia, si woga wa kufa, maana kufa alishakuzoea kwa wengine. Aliogopa kwamba yeye na Dada ndio watu wa mwisho duniani waliowabeba wale wengine, na kitu kile kingewatoa mmoja mmoja, na wangekufa wote mara ya pili bila hata mtu wa kuwalilia.

Mganga aliyemleta alikuwa mama wa makamo mwenye maumivu ya kiuno. Aliingia, akavua viatu, akanusa, akaomba kiti.

"Huyu mwanamke ni nani?" aliuliza, akionyesha picha.

"Mama yetu."

"Nakuuliza tena, Fundi. Huyu ni nani?"

Fundi alieleza yote, macho ya fulani, kidevu cha fulani. Mganga alisikiliza huku akijikanda kiuno.

"Uso usio na mwenyewe ni nyumba tupu," alisema. "Umejenga, umepaka rangi, umeacha mlango wazi. Sasa unauliza nani kahamia. Jini hana ukoo, ndiyo maana anakula wa kwenu."

"Mtoe basi."

"Mimi? Mimi nitakaa hapa nisome ninachojua, asikurukie. Mkono uliomfungulia ndio utakaomfungia. Utamkwangua mwenyewe. Ila dada yako lazima akubali, maana ndiye anayemlisha."

Walimleta Dada akiwa ameegemea bega la mdogo wake. Jua lilikuwa limeinama, na kwenye nyumba ya jirani mtu alikuwa akipasua kuni. Fundi alishusha picha, akaitoa kwenye fremu, akailaza mezani na kushika wembe. Mganga alianza kusoma kwa sauti ya chini.

"Mwanangu," sauti ilisema, na haikutoka kwenye picha, ilitoka nyuma ya kiti cha Dada. "Anataka kuniua. Mzuie. Mwambie asiniue mara ya pili."

Dada alianza kulia. "Mwache," alimnong'oneza Fundi. "Tafadhali, mdogo wangu. Mwache tu. Mimi sina siku nyingi."

"Atakumaliza, Dada."

"Nani hataishia kumalizika?"

Kwa kweli Fundi naye alitaka kuuweka wembe chini, maana alijua kwamba uso ule, wa uongo kama ulivyokuwa, ndio uso pekee wa Mama uliobaki kichwani mwake, kila akifumba macho aliona huo, na akiukwangua angebaki na mgongo ulioinamia beseni na hakuna kingine mpaka kaburini, na harufu ya karatasi mbichi ikazidi, na ndara zikaanza kuzunguka meza, shwaa, shwaa, upesi sasa, na sauti ikawa inasema polepole, kwa huruma, "Nieleze kwanza. Nieleze jambo moja tu, mwanangu, kisha nitaenda. Nieleze ulivyonipenda."

Dada alinyanyua kichwa.

"Sema tena," alisema.

"Nieleze, mwanangu. Mimi nasikiliza."

Dada alijifuta machozi kwa kiganja. Alitafuta ndani yake kitu ambacho bado hakijaliwa. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa kavu na imechoka, lakini ilikuwa yake.

"Mama yetu hakuwahi kumsikiliza mtu," alisema. "Alikuwa akisema yeye. Tangu alfajiri mpaka tunalala, anasema, anagombeza, anahadithia, mpaka masikio yanauma. Ukifungua mdomo anakukata. Miaka yote ile hakuwahi kuniambia nimweleze chochote." Alimgeukia mdogo wake. "Kwangua."

Fundi alikwangua. Alianza na mashavu, kisha midomo, na macho ya Dada akayaacha mwisho. Karatasi ililia chini ya wembe. Nyuma ya kiti kitu kilivuta pumzi ndefu, fremu ikapasuka kioo, mlango wa mbele ukafunguka na kujibamiza. Kisha ikabaki sauti ya jirani akipasua kuni.

"Ameenda wapi?" Fundi aliuliza.

Mganga alikuwa akitafuta viatu vyake. "Mahali pengine pasipo na mwenyewe," alisema. Fundi alikuwa hoi, na dada yake alikuwa hai. Hakuuliza zaidi.

Kumbukumbu zilirudi kama vyombo vilivyoazimwa na jirani, vingine vizima, vingine havikuonekana tena. Kitindamimba alirudi na kabati lake. Mume wa Dada alirudi nusu. Mjomba hakurudi kwa Fundi, lakini Dada alimkumbuka, akamsimulia mdogo wake kwa mapana, naye alisikiliza habari za mwalimu wake kama habari za mtu wa kitabuni. Alipomuuliza Mama alikuwaje, Dada alisema, "Alikuwa na makelele," na wote wawili wakacheka hadi wakalia. Sebuleni picha ilirudi ukutani, Mama akiwa na kivuli mahali pa uso. Dada alianza kunenepa. Kwa mara ya kwanza Fundi alilala usingizi wa kweli.

Siku moja asubuhi, akiwa anafungua studio, alimkuta mwanamke anamsubiri barazani. Alikuwa mwuza mikate wa mtaa wa pili, mjane. Mwaka uliopita alimletea picha ya mumewe iliyoliwa na mchwa, na Fundi akamjazia uso. Mama huyo alikuwa amekonda sana, lakini macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Nimekuja kukushukuru tu, Fundi," alisema. Alisogea karibu, akashusha sauti kama msichana mwenye siri. "Nisikudanganye, nilikuwa nimekata tamaa ya kuishi. Siku hizi mume wangu ananiita, tunakaa, tunazungumza. Anapenda sana nimweleze habari zetu."

Fundi alisimama na ufunguo mkononi. Nyuma ya mgongo wa yule mama barabara ilikuwa imejaa nyumba, na karibu kila ya tatu ilikuwa na picha aliyoigusa yeye. Alijaribu kukumbuka katika zipi aliweka viraka, na katika zipi alizaa. Uchovu wote ukamrudia palepale, miguuni kwanza.

"Watoto hawajambo?" aliuliza.

Mwanamke alikunja uso kidogo, akitabasamu bado. "Watoto gani?"

Fundi alirudi ndani, akachukua wembe mezani, akaufunga kwenye karatasi na kuutia mfukoni. Kisha akafunga studio.

"Twende nyumbani kwako, mama," alisema. "Kuna mahali nilikosea kwenye picha ya mumeo."